Mgeni na Mwenyeji katika Tsuen Wan

Katika lugha ya Kichina jina la Wahakka ni maneno mawili yaliyoungana. La kwanza maana yake ni mgeni, na la pili maana yake ni jamaa au nyumba. Wahakka, basi, ni "jamaa wageni". Jina hilo walipewa na majirani waliowatangulia katika mkoa wa Guangdong, ambao wao walijiita Punti, yaani watu wa nchi. Ajabu ya jina hilo ni kwamba halichakai. Mtu aliyezaliwa mahali alipozaliwa babu wa babu yake, akalima shamba lile lile na kuzikwa mlima ule ule, aliitwa mgeni vile vile. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na maana ya methali hiyo ni kwamba ugeni una mwisho, na mwisho wake ni kazi. Habari za Tsuen Wan, wilaya mojawapo ya Hong Kong, zafaa kupimwa kwa mizani ya methali hiyo. Jembe lilitolewa pale mara nyingi, kwa watu wa namna nyingi; lakini ugeni na uenyeji havikugawanywa kwa kufuata jembe.

Tsuen Wan iko bara, upande wa kaskazini-magharibi wa Kowloon, kando ya mlango wa bahari unaotazamana na kisiwa cha Tsing Yi. Nyuma yake umesimama Tai Mo Shan, mlima upitao yote ya Hong Kong kwa urefu, wenye kimo cha mita 957. Mvua ya mlima huo huteremka mabondeni kwa vijito vingi hata kufika pwani. Jina la zamani la mahali hapo lilikuwa Tsin Wan, maana yake ghuba ya maji mafupi. Msomaji ayaweke moyoni mambo hayo matatu: maji matamu ya mlimani, bahari isiyo na kina ambayo mtu aweza kuifukia, na ukaribu wa Kowloon na bandari yake. Kila kabila la wageni lililofika lilivutwa na moja la mambo hayo au na yote pamoja.

Sababu ya kwanza ya kufika kwa Wahakka katika nchi hiyo ilikuwa amri ya kifalme. Wafalme wa Qing walipokuwa wakipigana na Zheng Chenggong, aliyeshika kisiwa cha Taiwan, waliona kwamba adui yao alipata chakula na habari kutoka kwa watu wa pwani. Basi kuanzia mwaka 1661 iliamriwa kwamba watu wote wa pwani ya kusini wahamie bara, na vijiji vyao vibomolewe. Amri hiyo haikuondolewa katika Guangdong hata mwaka 1669. Waliorudi walikuwa wachache kuliko waliotoka, kwa maana wengi walikufa kwa njaa na dhiki za njiani. Mashamba yalikuwa yamegeuka mwitu, na serikali isiyopata kodi ya mashamba hupungukiwa. Kwa hiyo watu wa nchi za milimani walikaribishwa washuke wakalime, na wengi wao walikuwa Wahakka. Ugeni wao haukuwa wa kuvamia. Waliitwa, wakapewa jembe kwanza kabla ya siku mbili za methali kwisha.

Miongoni mwa waliokuja ni ukoo wa Chan, ambao asili yake ilikuwa mkoa wa Fujian. Walifika Tsuen Wan katikati ya karne ya 18, wakafukia sehemu ya pwani na kuigeuza mashamba ya mpunga. Mwaka 1786 walijenga kijiji chao chenye boma, kiitwacho Sam Tung Uk, yaani nyumba ya boriti tatu. Jina hilo latokana na kumbi tatu zilizopangwa katika mstari mmoja katikati ya boma, kila moja na boriti yake kuu ya paa. Wa mbele ulikuwa ukumbi wa kuingilia, wa kati wa kukutania, na wa nyuma ulikuwa wa wahenga, ambamo ndimo walimowekewa heshima na sadaka. Pande zote nyumba za kuishi ziliuzunguka mstari huo, zikawa kama ukuta. Anayeitazama ramani ya boma hilo huona mara moja fikira za waliolijenga. Mgeni asiye na hakika ya majirani zake hujenga nyumba iliyoupa ulimwengu kisogo. Na mtu asiye na makaburi ya kale katika nchi huweka wahenga wake katikati ya nyumba, ili mahali hapo papate ukale kwa kuwa wao wamo.

Maisha ya vijiji hivyo yalikuwa ya kazi ngumu. Palilimwa mpunga bondeni na mananasi katika miteremko ya vilima. Vijito vilizungusha magurudumu yaliyoendesha michi ya kutwangia mbao zenye harufu nzuri, na unga wake ukafanyiwa vijiti vya udi. Viwanda hivyo vidogo vya udi, vilivyoendeshwa kwa nguvu za maji, vyafaa kukumbukwa, kwa maana husemwa mara nyingi kwamba kabla ya pamba Tsuen Wan haikujua kiwanda. Wanawake wa Kihakka hawakufungwa miguu kama ilivyokuwa desturi ya wanawake wengi wa China ya siku hizo. Walilima, walikata kuni na majani, wakabeba mizigo kwa mti wa begani, vichwani wamevaa kofia pana za ukindu zenye pindo la kitambaa cheusi. Walikuwa na nyimbo za milimani walizojibizana wakiwa kazini, na maombolezo ya arusi na ya matanga ambayo kila mwanamke aliyatunga kwa maneno yake juu ya sauti iliyojulikana na wote. Mtaalamu Elizabeth Johnson, aliyekaa na watu wa kijiji cha Kwan Mun Hau tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyaandika maombolezo hayo na kuonyesha kwamba ndani yake mwanamke alipata ruhusa ya kutamka malalamiko ambayo siku nyingine asingethubutu kuyatamka.

Hata hivyo si haki kuwafikiria watu hawa kuwa jamii moja yenye upendo. Kati ya mwaka 1862 na 1864 vijiji vya Tsuen Wan vilipigana na vijiji vya bonde la Shing Mun, palipo juu yake mlimani. Pande zote mbili zilikuwa za Wahakka, wenye lugha moja na desturi moja. Majina ya mashujaa wa Tsuen Wan waliouawa yamehifadhiwa katika hekalu la Tin Hau, bibi mlinzi wa mabaharia, na kupewa heshima ya wahenga. Vita hivyo vyatoa ushahidi wa jambo moja kubwa: karne moja baada ya kufika, watu hao walikwisha kuipenda ardhi kiasi cha kuwaua ndugu zao kwa ajili yake. Mtu hafi kwa ajili ya kambi ya safari. Kwa kipimo chochote cha moyo walikuwa wenyeji. Jina tu ndilo lililobaki la wageni.

Mwaka 1898 Uingereza ilikodi New Territories kutoka kwa China kwa muda wa miaka 99. Watawala wapya walipima ardhi, wakaandika kila shamba na jina la mwenyewe katika madaftari. Hapana mwanakijiji ambaye siku ile angeweza kutambua uzito wa mwaka huo, kwa sababu maisha yaliendelea kama kwanza. Lakini baadaye sheria iliufanya mwaka huo uwe mpaka baina ya mwenyeji na asiye mwenyeji, kama itakavyoonekana. Badiliko lililoonekana mapema lilikuwa barabara. Zamani aliyetaka kufika Kowloon alikwenda kwa mashua au alipanda vilima kwa miguu. Katika miaka ya 1910 ilianza kujengwa barabara ya Castle Peak, ipitayo pwani ya magharibi, na Tsuen Wan ikawa kituo chake. Mananasi na kuni ndivyo vilivyosafiri kwanza juu ya barabara hiyo. Pamba ilikuja baada yake.

Baada ya barabara ulifika mji wenyewe, nao ulikuja kwa kiu. Hong Kong ilikuwa na watu wengi na maji machache, na bonde la Shing Mun lilikuwa na maji mengi na watu wachache. Serikali iliamua kulifanya bonde hilo kuwa bwawa. Vijiji vinane vya Wahakka, vyenye watu zaidi ya 800, viliondolewa, na watu wake wakapelekwa kukaa sehemu nyingine za New Territories. Bwawa lilikamilika mwaka 1937, likapewa jina la Jubilii kwa heshima ya miaka 25 ya Mfalme George wa Tano katika kiti chake. Hivyo maadui wa 1862 walitoweka, si kwa mikuki ya Tsuen Wan, bali kwa mahitaji ya mji ambao hawakuwa raia wake. Miaka minne baadaye, usiku wa tarehe 9 Desemba 1941, majeshi ya Japani yaliishambulia ngome ya Waingereza iliyokuwa karibu na bwawa hilo na kuiteka kabla ya usiku kwisha. Hong Kong ilianguka mwezi huo huo, ikakaa chini ya Wajapani hata Agosti 1945.

Amani iliporudi walikuja wageni wa kabila jipya kabisa. Wenye viwanda vya pamba wa Shanghai, walipoona vita vya wenyewe kwa wenyewe vikisogea, walihamisha mali zao kusini. Wengine walikuwa wameagiza mashine mpya za kusokota nyuzi ng'ambo, wakaamuru meli zizishushe Hong Kong badala ya Shanghai. Walihitaji maji mengi ya kuoshea na kutilia rangi, ardhi tambarare, na njia ya bandarini. Tsuen Wan ilikuwa na yote hayo. Pwani ilifukiwa tena, safari hii si kwa mpunga. Mwaka 1951 Umoja wa Mataifa ulizuia biashara ya vitu vya kivita na China kwa sababu ya vita vya Korea, na bandari iliyokuwa ikila kwa kupitisha mali za China ikalazimika kutengeneza mali zake. Mwaka 1954 tajiri Chen Din-hwa, mtu wa Ningbo, alianzisha kiwanda cha nyuzi cha Nan Fung katika Tsuen Wan, ambacho baadaye kilikua kikawa miongoni mwa vilivyo vikubwa katika Hong Kong. Hata mwaka 1959 nguo za koloni hilo zilikuwa zimejaa katika masoko ya Uingereza, mpaka wafumaji wa Lancashire wakalalamika, na Hong Kong ikakubali kuwekewa kiasi.

Wafanyakazi wa viwanda hivyo walikuwa wakimbizi waliovuka mpaka kabla na baada ya mwaka 1949. Walifika na nguo walizovaa, na hapakuwa na nyumba za kuwatosha. Hapo ndipo wenyeji na wageni walipobadilishana viti. Wahakka wa vijijini walikata vyumba vyao, wakaongeza vibanda uani, wakapangisha. Mashamba yaliacha kulimwa kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa na faida kupita gunia la mpunga. Jamaa walioitwa wageni kwa karne mbili sasa walikuwa wenye nyumba, na mpangaji aliyewalipa kodi alisema Kikantoni, au Kishanghai, au lugha ya Chaozhou. Dhiki ya makazi, mishahara midogo na chuki za siasa za China vilikusanyika kama kuni kavu. Tarehe 10 Oktoba 1956, sikukuu ya wafuasi wa chama cha Kuomintang, ghasia zilianza Kowloon kwa sababu ya bendera zilizobanduliwa ukutani, na siku ya pili zikafika Tsuen Wan. Viwanda na ofisi za vyama vya wafanyakazi vilivyodhaniwa kuwa vya upande wa Wakomunisti vilivamiwa, watu wakapigwa na kuuawa, hata askari wa jeshi walipoletwa. Katika koloni zima walikufa karibu watu 60.

Baada ya hayo serikali haikuweza tena kuuacha mji huo ukue kama uyoga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tsuen Wan ilichorewa ramani ya kuwa Mji Mpya wa kwanza wa Hong Kong, pamoja na Kwai Chung, ambayo siku zile ilihesabiwa kuwa sehemu yake. Majumba ya ghorofa ya serikali yalijengwa kwa wafanyakazi, na mwaka 1972 gati la kwanza la makontena likafunguliwa Kwai Chung. Lakini Mji Mpya ulitaka ardhi, na ardhi ilikuwa ya vijiji. Serikali ilitoa hati badala ya mashamba: kwa kila futi tano za mraba za shamba, mwenyewe alipata haki ya futi mbili za kiwanja cha kujengea katika mji, siku viwanja vitakapopatikana. Vijiji vyenyewe vilihamishwa kimoja kimoja. Kwan Mun Hau kilihamishwa mwaka 1964 kutoka bondeni mpaka chini ya vilima, nyumba kwa nyumba, pamoja na ukumbi wa wahenga wake. Wenye vijiji walijua kushindana kwa maneno. Walidai fidia ya makaburi, ya miti, na ya mahekalu, na mara nyingi walipata. Watu wa Shing Mun miaka thelathini kabla yao hawakuwa na nguvu hizo.

Nguvu hizo zilitoka wapi? Jibu ni mwaka 1898. Sheria za Hong Kong zamtambua kuwa mwenyeji wa asili wa New Territories mtu aliyetokana, kwa upande wa baba, na mkazi wa kijiji kilichokuwako mwaka ule. Tangu mwaka 1972 kila mwanamume wa namna hiyo, akifika miaka 18, aweza kuomba mara moja katika maisha yake ruhusa ya kujenga nyumba ndogo ya ghorofa tatu katika kijiji chake. Na haki za wenyeji hao zalindwa na kifungu cha 40 cha Sheria ya Msingi iliyoanza kutumika mwaka 1997, Hong Kong iliporudi kwa China. Mbele ya sheria hiyo Mhakka ambaye babu zake walifika karne ya 18 ni sawa na Mpunti ambaye babu zake walifika karne nane kabla yake. Kile ambacho karne mbili za jembe hazikukifanya, tarehe moja ya mkataba wa mataifa ilikifanya: ilimwondolea Mhakka ugeni.

Lakini tarehe iliyofungua mlango mmoja ilifunga mitatu. Watu wa mashuani, ambao walivua samaki katika ghuba ile vizazi vingi, hawakuhesabiwa, kwa kuwa hawakuwa na kijiji nchi kavu. Wafanyakazi wa pamba, ambao mikono yao ndiyo iliyoupa mji utajiri, hawakuhesabiwa, kwa kuwa walikuja baada ya nusu karne. Na binti za Wahakka wenyewe, waliobeba mizigo ya vijiji mabegani, walihesabiwa nusu. Urithi wa ardhi ya vijijini ulifuata wanaume peke yao mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1994, tena baada ya mabishano makali, kwa kuwa wazee wengi wa vijiji waliona kwamba ukoo wao unavunjwa. Haki ya nyumba ndogo hata sasa ni ya wana wa kiume tu, na mahakama ya juu ya Hong Kong iliiacha isimame mwaka 2021. Yafaa kukumbuka maombolezo ya arusi: bibi arusi aliyelia kwamba anatolewa nyumbani kama mgeni alisema jambo lililokuwa kweli hata katika daftari la ardhi.

Reli ndiyo iliyomaliza kijiji cha boriti tatu. Njia ya Tsuen Wan ya reli ya mjini ilipojengwa, kituo chake cha mwisho kilipangwa karibu na boma la ukoo wa Chan. Wakazi wa mwisho walitoka mwaka 1980, wakahamia kijiji kipya mlimani. Njia ilifunguliwa mwezi wa Mei 1982, na safari ya kwenda Kowloon ambayo zamani ilimgharimu mtu nusu ya siku ikawa ya dakika chache. Boma lenyewe liliponea chupuchupu: mwaka 1981 lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, likakarabatiwa, na mwaka 1987 likafunguliwa kuwa makumbusho. Leo boma hilo limezungukwa na maghorofa, na njia ya kuingilia ipo hatua chache kutoka kituo cha reli.

Viwanda navyo vilifuata mwendo ule ule. China ilipofungua milango yake baada ya mwaka 1978, wenye viwanda walivuka mpaka kurudi kaskazini, kufuata ardhi rahisi na mishahara midogo ya Guangdong. Kwai Chung ilitengwa na Tsuen Wan mwaka 1985, ikawa wilaya mbali pamoja na bandari yake ya makontena. Nan Fung iliacha kusokota nyuzi mwaka 2008, na tangu mwaka 2018 majengo yake yamekuwa mahali pa maduka, biashara changa na makumbusho ya sanaa ya nguo. Kwa hiyo wilaya yenye watu zaidi ya 300,000 ina makumbusho mawili yasiyo mbali: moja la jembe, na moja la pamba. Wasimamizi wa yote mawili wamefanya kazi njema. Tofauti yao ni kwamba wazao wa nyumba ya kwanza wana jina katika sheria na kijiji cha kurudia, na wazao wa waliosimama usiku kucha mbele ya mashine za nyumba ya pili hawana illa kumbukumbu.

Hata ushindi wa Mhakka haukuwa kamili. Haki zake zimelindwa lakini lugha yake haikulindwa. Watoto wa vijiji vilivyohamishwa walikwenda shule zilizofundisha kwa Kikantoni, wakacheza na watoto wa wapangaji wao, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2016 waliosema kwamba Kihakka ndicho lugha yao ya kila siku walikuwa chini ya asilimia 1 ya watu wa Hong Kong. Mjukuu aweza kuthibitisha kwa hati kwamba yeye ni mwenyeji wa asili, na asiweze kuyafahamu maombolezo ambayo bibi yake alimlilia babu yake siku ya mazishi.

Katika mambo haya mna funzo kwa wanaosoma historia ya miji popote. Swali la nani mwenyeji hudhaniwa kuwa swali la kale, ambalo jibu lake limo katika nasaba. Tsuen Wan yaonyesha kwamba ni swali la siku moja, siku ambayo mwenye mamlaka alifungua daftari na kuandika majina ya waliokuwapo. Waliotangulia daftari wameitwa wenyeji, na waliochelewa wameitwa wakimbizi, hata kama waliochelewa ndio waliojenga. Methali ya Waswahili yatoa kipimo kingine, kilicho cha haki zaidi, kwa kuwa yauliza juu ya jembe na haiulizi juu ya tarehe. Kwa kipimo hicho mkulima wa boriti tatu, mvuvi wa ghuba, bibi wa mti wa begani na msichana wa kiwanda cha nyuzi wote walikwisha siku zao mbili zamani.